Baba Yetu, Mzee Jumamosi (1951–2025)

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa seremala mmoja na mkewe. Katika nyumba hiyo jua la Ijumaa halikuzama kabla viatu havijang'arishwa na maji hayajajazwa, na hakuwahi kumwona baba yake akishika nyundo siku ya saba, Jumamosi, Sabato yao.

Alianza shule mwaka 1959, akamaliza darasa la nane 1966, kisha akasomea ufundi wa mitambo miaka mitatu.

Januari 1970 aliajiriwa na kiwanda cha nguo kama fundi wa mashine za kufuma. Alikuwa na sikio kali. Mashine ikikohoa upande wa pili wa ukumbi, alijua ni jino lipi la gia limelika. Wenzake walimwita Mzee Jumamosi akiwa bado kijana. Msimamizi alimuuliza, "Mbona kila Jumamosi unaumwa?"

"Siumwi, bosi. Jumamosi ndiyo siku ninayopona."

Msimamizi yule alicheka. Aliyemrithi mwaka 1989 hakucheka. Zamu ya Jumamosi ikawa lazima, na baba akafukuzwa baada ya miaka kumi na tisa. Tangu hapo alitengeneza cherehani barazani.

Alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, tarehe 20 Agosti 1978, wakajaliwa watoto watatu. Kila Ijumaa jioni tuliimba, mama akianzisha wimbo juu mno, baba akimfuata kwa shida.

Tarehe 9 Novemba 1996, siku ya Jumamosi, mtoto wake wa kwanza, binti yake pekee, alikuwa na mtihani wa hisabati wa kidato cha nne. Alitaka kuwa muuguzi.

"Baba, ni mtihani wa muda wa saa tatu tu."

"Mimi sikukatazi, mwanangu. Amri si yangu."

Akaweka kiti mlangoni, akakaa hapo mpaka saa za mtihani zikapita. Chuo cha uuguzi kilimkataa binti. Hakumsamehe baba yake, na wadogo zake wawili waliona wakajifunza. Mmoja baada ya mwingine tuliiacha Sabato. Mama alipofariki mwaka 2011, baba alibaki akiimba peke yake.

Septemba 2023 alipata kiharusi. Binti huyo, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alimchukua nyumbani kwake. Mkono wa kulia haukurudi, na hesabu ya siku ikampotea. Kila asubuhi aliuliza, "Leo siku gani?" Akiambiwa Jumamosi, alilia kwamba hajavalishwa, na hakukubali kuachwa. Binti alikuwa na duka la kufungua. Akaanza kumdanganya.

Tarehe 8 Februari 2025 aliuliza tena.

"Alhamisi, baba."

"Basi kesho mnipigie shati pasi."

Binti akafunga mlango, akaenda dukani. Aliporudi saa tisa alasiri, baba alikuwa ameshakata roho. Ilikuwa Jumamosi. Hakuvalishwa, hakuimbiwa, na hakujua.

Ameacha dada mmoja, binti mmoja, wana wawili na wajukuu watano. Hakuna hata mmoja wetu anayeishika siku yake.

Alale kwa amani. Bwana ampe pumziko ambalo sisi wanawe tulimnyima.