Fundi Alinanuswe Mwakisyala na Pikapu Iliyotetemeka Igurusi

Alhamisi hii, tarehe 31 Julai 2025, Fundi Mkuu wa karakana yetu, Alinanuswe Mwakisyala, anatimiza miaka sitini na kustaafu rasmi. Ameutumikia Ushirika wa Wakulima wa Chai Tupokile kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano bila kukatisha, isipokuwa wiki sita za mwaka 2009 alipovunjika kidole gumba. Hata wiki hizo alikuwa akija kukaa kwenye benchi na kutuelekeza kwa mkono wa kushoto.

Mimi ninayeandika ni Ikram Abubakary, mtunza stoo wa karakana. Kwa miaka kumi na minne nimempa Fundi spea na yeye amenirudishia nusu yake, akisema hazikuhitajika. Kamati ya sherehe iliponiomba niandike wasifu huu, nilimfuata nikamuuliza angependa niseme nini. Alifikiri kidogo, akajibu, "Andika ya pikapu. Lakini uandike yote, na pale nilipokosea." Nimefanya alivyotaka.

Fundi Alinanuswe alizaliwa Nkunga, akajifunza ufundi wa magari Mbeya, na kuajiriwa hapa Tukuyu Machi 1991 kama fundi msaidizi wa malori ya kubeba majani mabichi ya chai. Wakati huo karakana ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya udongo. Alipanda hadi kuwa fundi mwandamizi mwaka 2001 na Fundi Mkuu mwaka 2012. Wafanyakazi wa zamani bado wanazungumzia mvua kubwa za mwaka 1998, lori lilipokufa giaboksi huko Kisondela likiwa na mzigo uliojaa. Majani ya chai hayangoji. Fundi aliifungua giaboksi palepale pembeni mwa barabara, akapanga vyuma vyake juu ya majani ya migomba, na mzigo ukafika kiwandani kabla haujaharibika. Wakulima wa Kisondela walimpelekea ndizi nyumbani kwake mpaka mkewe, Mama Winfrida, akawaomba wapumzike.

Ana mambo yake. Hapendi redio iwashwe gari linapojaribiwa. Hanywi chai yenye sukari, kwa sababu anasema sukari inaficha chai mbaya. Na mtu akimwambia "nadhani ni beringi," humrudisha kwenye gari akaangalie tena mpaka aache kudhani.

Sasa nifike kwenye pikapu.

Mwezi Februari 2022 Ushirika ulinunua pikapu mpya ya milango minne kwa ajili ya safari za ofisi. Alikabidhiwa Obed Mwaihojo, mkazi wa Bulyaga, dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi na sita ambaye hakuwahi kugonga hata kuku. Safari ya tatu tu, Obed aliporudi kutoka Makambako, alikuja karakana na kusema gari linatetemeka likifika mwendo wa tisini. Si usukani, alisema. Ni kiti na sakafu.

Fundi alichukua funguo, akaendesha hadi Kiwira na kurudi. Wanaoijua barabara yetu wanajua kwamba kutoka Tukuyu hadi Uyole ni kona na milima, na mtu akifika sabini amejitahidi. Pikapu ilitulia kama imelala. Fundi akaandika kwenye fomu: "Gari zima. Dereva aangaliwe."

Maneno hayo manne yalisafiri mbali. Obed aliendelea kulalamika, gari likapelekwa Mbeya kwa wakala aliyetuuzia, tairi zikabalansiwa mara mbili, na mtetemeko ukabaki palepale. Mara ya tatu wakala aliandika kwamba gari limeendeshwa vibaya, huenda limepigwa kwenye shimo, hivyo dhamana haihusiki. Ofisi ikaweka karatasi mbili pamoja, ya wakala na ya Fundi. Mwezi Agosti Obed aliondolewa kwenye gari akapelekwa kulinda geti, na kamati ya nidhamu ikapangiwa kukaa Novemba kuamua kama aachishwe kazi. Nakumbuka nilivyokuwa nikipita getini asubuhi. Obed alikuwa akinisalimu vizuri, lakini hakuwa akiangalia tena magari yanayopita.

Mwezi Oktoba tulipata msiba wa mfanyakazi mwenzetu huko Makambako. Fundi alikwenda na pikapu, akiwa amekaa nyuma, na dereva alikuwa Fred, aliyechukua nafasi ya Obed. Walipoteremka Igurusi barabara ikanyooka, Fred akaongeza mwendo, na kiti cha nyuma kikaanza kutetemeka.

Fred alinisimulia baadaye. Fundi alimwambia, "Punguza." Ukaisha. "Ongeza." Ukarudi. Alifanya hivyo mara tatu, halafu akamuuliza, "Siku zote iko hivi?"

"Siku zote, Fundi."

"Mbona hukusema?"

"Aliyesema yuko getini," Fred akajibu.



Siku iliyofuata baada ya kurudi, alishuka kwa miguu hadi Bulyaga, nyumbani kwa Obed. Haya ameniambia Obed mwenyewe, na Fundi ameyathibitisha. Alimkuta akichambua maharage uani na mkewe. Fundi hakukaa.

"Nkamu, ndugu yangu, nimekukosea," alisema. "Gari lako linatetemeka. Nimelisikia kwa mwili wangu."

Obed aliendelea kuchambua. "Mimi nilikwambia kwa mdomo wangu. Ulinijibu nini?"

"Nilikujibu kwamba gari ni zima."

"Watoto wangu wanajua baba yao ameharibu gari la Ushirika. Shuleni wanaambiwa." Kisha akaweka ungo chini. "Samahani yako nimeisikia, Fundi. Lakini hapa kwangu haina kazi. Kaiseme ofisini."

Fundi aliniambia kwamba njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kutembea. Alikuwa na heshima ya miaka thelathini na moja, na alijua kwamba watu wakisikia Fundi Mkuu ameandika ripoti bila kufika kwenye tatizo, watauliza hata kuhusu zile nyingine. Mama Winfrida alimwambia jambo moja tu, kwamba yeye Fundi atastaafu na heshima yake, lakini Obed ataondoka na nini.

Kamati ilipokaa, Fundi aliomba kusema kabla ya mtu mwingine yeyote. Meneja wetu, Jacob Mwangosi, alimruhusu. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya kumbukumbu za stoo.

"Ripoti inayosema gari ni zima ni yangu," Fundi alisema. "Si ya kweli. Sikuiandika kwa kudanganya, lakini niliiandika bila kufika mahali gari linapougua. Naomba msiitumie kumhukumu mtu."

"Fundi, unajua unachokisema?" Meneja aliuliza. "Sisi tumekutegemea wewe."

"Ndiyo maana nimesimama, Meneja. Nipeni wiki mbili na hiyo pikapu. Na nipeni Obed aiendeshe."

Mjumbe mmoja aliguna. Meneja aliangalia karatasi zake, akamwangalia Obed, kisha akasema, "Wiki mbili."

Jumamosi asubuhi tuliondoka watatu: Obed kwenye usukani, mimi mbele na daftari, Fundi nyuma. Alikuwa amechukua chupa mbili za maji zilizojaa nusu. Moja aliibana juu ya dashibodi, nyingine akaiweka sakafuni kati ya miguu yake. Baada ya Igurusi Obed aliongeza mwendo taratibu. Themanini, maji yametulia. Tisini na mbili, maji ya nyuma yakaanza kucheza kama yanachemka, ya mbele yakitikisika kidogo tu.

"Kaa hapohapo, usiongeze," Fundi alisema. "Sasa shusha gia, weka ya nne."

Injini ilinguruma kwa nguvu zaidi, lakini mtetemeko haukubadilika.

"Toa gia kabisa, iache iteleze."

Injini ikanyamaza. Maji yakaendelea kucheza.

"Ikram, andika: injini haimo. Tatizo liko nyuma, na linafuata mwendo wa gari."

Chimala tulisimama. Wenzangu walihamisha tairi za nyuma mbele na za mbele nyuma, tukarudia njia ileile. Kama tairi au rimu ndiyo mbovu, Fundi alieleza, ugonjwa ungehamia kwenye usukani. Haukuhamia. Kwa hiyo ile hadithi ya shimo na rimu iliyopinda ilikufa pale, kando ya barabara, saa nne asubuhi. Obed alifuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Ilibaki propela, chuma kile kirefu kinachozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma, inayozungusha magurudumu. Ikiwa na upande mzito hata kidogo, kwenye mwendo wa kasi itatikisa gari zima. Fundi aliniomba klipu ya paipu ya rejeta, nami nilikuwa nimeibeba bila kujua ni ya nini. Aliigawa propela kwa chaki sehemu nne karibu na difu, akafunga klipu kwenye namba moja ili kichwa chake kiwe uzito mdogo upande huo. Tukaendesha. Ikazidi. Namba mbili, ileile. Namba tatu, Obed alipofika tisini na mbili, aliinua mguu kidogo kwa mazoea, kisha akaurudisha.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Imetulia."

Niligeuka kuangalia chupa ya nyuma. Maji yalikuwa yamelala. Fundi aliyatazama, akasema, "Ndaga fijo," na sikujua anamshukuru Mungu au Obed.

Kumbe kazi haikuwa imeisha. Kujua kwamba propela ina upande mwepesi hakukutosha, kwa sababu wakala angeweza kusema Obed ameigonga kwenye jiwe. Jumatatu propela ilitolewa, Fundi akaisafisha matope kwa kitambaa na mafuta ya taa, bila kuikwaruza. Pale kwenye alama ya chaki namba tatu kulikuwa na vidoti viwili vya kulehemu, mahali kilipotakiwa kukaa kipande kidogo cha chuma cha kusawazisha uzito. Kipande hakikuwepo. Na juu ya vidoti ilikuwepo rangi nyeusi ya kiwandani, haijachubuka hata kidogo.

Alituita wote. Meneja naye alikuja, akainama akiwa na suti yake.

"Kama kingedondoka barabarani, pangebaki chuma kitupu au kutu," Fundi alisema. "Rangi imepita juu. Hiki hakikuwepo siku gari linapakwa rangi. Obed alikabidhiwa gari likiwa bovu."

Picha na maelezo ya kurasa mbili vilipelekwa kwa wakala. Baada ya wiki tatu walileta propela nyingine chini ya dhamana, pamoja na barua ya kufuta ile ya kwanza. Ilipofungwa, Obed aliendesha hadi Igawa na kurudi, na pikapu haijatetemeka tena hadi leo.

Meneja alikwenda mwenyewe getini. "Obed, ofisi imekukosea," alisema mbele yetu.

"Asante, Meneja. Naomba na hilo liandikwe."

Likaandikwa. Barua ilisomwa kwenye mkutano wa wafanyakazi, na Obed akarudi kwenye pikapu siku hiyohiyo. Alipopita karakana kuchukua funguo, Fundi alimpa kwa mikono miwili. Sasa ni marafiki, ingawa ilichukua muda. Mwaka mzima wa kwanza walikuwa wakisalimiana tu na kuzungumzia gari.

Tangu wakati huo karakana ina utaratibu ambao Fundi aliuandika: lalamiko la dereva halifungwi mpaka fundi amekaa na dereva huyo ndani ya gari, kwenye barabara ileile na mwendo uleule. Kwa utaratibu huo tumegundua breki mbovu za malori mawili kabla hazijaua mtu. Hayo ni mafanikio ambayo hayana kombe wala cheti, lakini familia za madereva wetu zinayajua.

Fundi amefundisha mafundi kumi na mmoja. Mmoja wao, Esnath, ndiye anayechukua nafasi yake Agosti mosi. Wiki iliyopita Fundi alimkabidhi karakana kwa siku tatu nzima, kifaa kwa kifaa, na alipomaliza alimwambia, "Ukikosea, sema mapema. Ukichelewa, mtu mwingine ndiye anayeumia."

Fundi Alinanuswe, Ushirika unakushukuru kwa malori uliyoyafufua, kwa mafundi uliowalea, na zaidi kwa siku ile uliposimama mbele ya kamati. Mama Winfrida, tunakurudishia mumeo akiwa mzima, ukiondoa kidole gumba. Migomba na miparachichi ya Nkunga imewasubiri muda mrefu. Mwenyezi Mungu awajalie afya, usingizi mtulivu na wajukuu wengi. Na siku ukiona mmoja wetu anapandisha njia ya kwenu, Fundi, usitafute spana. Hatutakuwa tumekuja kuuliza kazi. Tutakuwa tumekuja kukuona.