Sidi wa Mama Jumwa Yu Mahututi

Mheshimiwa Chifu Baya, Bwana Meneja Sanga, wageni waalikwa mliotoka Kikoneni na Mwabungo, wafanyakazi wenzangu wa hoteli, na wewe unayestaafu leo, Mama Jumwa, mkuu wa madobi wetu, shikamoo.

Mimi ni Virginia wa mapokezi. Wengine wameshamsifu Mama Jumwa kwa weupe wa mashuka. Mimi nasema kwa niaba ya meza ya pembeni kule kantini, wale ambao Bwana Meneja alidhani tunacheza kamari. Si kamari, bwana. Mwaka wa tisini na saba, wageni walipotuhama na mchana ukawa mrefu, tulifungua kitabu cha mchezo na dadu ambazo mgeni mmoja alizisahau chumbani na hakuzirudia. Kila mchezaji anabuni mtu wake na kumwandika kwenye karatasi, mimi nasimulia hatari zinazomkuta, yeye anasema atafanyaje, na dadu huamua.

Kitabuni, sheria ya kufa ilikuwa fupi: uhai ukiisha, umekufa, karatasi yako ichanwe. Siku ya kwanza tu nikamchana shujaa wa Jacktone wa baa, aliyevuka mto wenye mamba bila kuuliza. Jacktone alinuna hata wateja wakaogopa kuagiza soda. Mama Jumwa alikuwa amepita kuchukua vitambaa vya meza. Akasimama, akaniuliza, "Mwanangu, huko kwenu watu hufa hivyo? Hakuna hata mmoja aliyemuuguza?"

Akavuta kiti, akatutungia sheria tunayoifuata mpaka leo: aliyeishiwa na uhai hafi papo hapo, bali analazwa, na kila anayeacha vita akaja kuketi kitandani pake humpa nafasi moja ya kurushiwa dadu. Ikitoka sita, amepona. Nafasi zikiisha, tunazika. Je, tumeshindwa vita vingapi kwa sheria hii? Joka linateketeza mji, na mashujaa wote wako chumbani wanamkanda Jacktone miguu! Suleiman wa jikoni naye akaleta sheria ya wasia, kwamba marehemu asiusie zaidi ya theluthi ya mali yake. Tukabishana juu ya theluthi ya punda mpaka chai ikapoa.

Sasa nifike kwenye kilichonileta. Mtu wa Mama Jumwa mwenyewe, mganga aitwaye Sidi, aliyetuponya sote, alianguka Jumapili iliyopita. Tumeketi naye wote, tumerusha, sita haikutoka, na imebaki nafasi moja. Nilitaka kuifunika dadu kwa kiganja na kusema amepona. Mama Jumwa akanishika mkono. "Usinidanganye kwa huruma, Virginia. Irushe mbele ya watu. Kama ni kwenda, naenda."

Na kweli kesho anakwenda, shambani kwake Kikoneni. Mtacheka, lakini Sidi akifa leo, Mama Jumwa hatakuwa na sababu ya kurudi kwenye meza yetu, nami nampenda mama huyu na sijui nitauendeshaje mchezo bila yeye. Suleiman, njoo urushe. Irushe vizuri, watu waione.

Ni mbili.

Ngoja, Jacktone, usilie bado. Mama Jumwa, sheria ni yako, nami jana niliifikiria upya. Inasema kila anayekuja kuketi. Haisemi lazima awe mchezaji. Ndugu wageni waalikwa, kuna aliyewahi kushikwa na homa kwenye nyumba za wafanyakazi, asiletewe uji na Mama Jumwa? Basi kila aliyeonja uji huo, na kila anayempenda mama huyu, asogeze kiti. Karibu, Mheshimiwa Chifu, hapa mbele. Bwana Meneja, taratibu, nafasi ipo. Nyie wa nyuma mliokosa viti, ketini hata sakafuni.

Mama Jumwa, watazame. Nafasi hizi hatuzimalizi leo. Tutarusha moja kila Jumapili, na mwenye mgonjwa hakosi kitandani. Sita ikitoka, Sidi amepona, na aliyepona hurudi kucheza. Kwa vyovyote vile, Jumapili tunakungoja.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio, na kwa kuja kuketi na mgonjwa wetu.