Mwalimu Rozalia Aliyetupandisha Juu

Miaka thelathini na mmoja Mwalimu Rozalia kafundisha hapa Rusimbi, kando ya ziwa, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, anastaafu. Mimi ni Bi Safina, mpika uji wa shule. Kalamu siijui, anaandika Mwalimu Nehemia, na nimemwambia asinipunguzie maneno.

Alikuja kutoka Kasulu, mwembamba kama mwanzi, ziwa analiogopa hata kunawa miguu anatumia ndoo. Eti huyo ndiye wa kutufundisha ziwa sisi! Akasimika mti majini, akaupiga mistari ya rangi. Watoto wakawa wanausoma kila asubuhi, wakirudi nyumbani wanawaambia wazazi maji yamepanda wapi. Ukimtuma mtoto chumvi, anakupa kwanza habari za maji.

Sasa mwaka mmoja Mzee Hamdani si akaung'oa mti, akafanyia kichanja cha kuanikia dagaa wake! Kugombezwa, akaurudisha, ila karibu na nchi kavu, asilowe kanzu. Watoto kusoma, maji yameshuka! Waliokuwa wamehamia juu kukimbia maji wakarudi na magodoro kichwani. Mwalimu akapita nyumba kwa nyumba na mvua yote ile, anawapandisha tena. Hamdani akamtania, "Mwalimu, ziwa limekuposa nini, mbona hulali?" Wiki hiyohiyo maji yakamfuata mpaka kitandani. Yeye alitolewa mzima. Dagaa wake wakarudi ziwani wakavu.

Basi watoto wakawahamisha wazazi, mtaa mzima ukapanda juu. Hakufa mtu. Hiyo ndiyo sifa yake, iandikwe kubwa.

Lakini kule chini kukanyamaza. Kuta, vyura, na mimi niliyebaki. Kila mvua ikikata Mwalimu anabisha hodi: "Bibi, unahama lini?" Namwambia kesho. Tunakunywa chai, tunacheka, anaondoka. Kesho hiyo imekula miaka. Yeye alidhani nalipenda ziwa. Nilipendee nini, na limenilia mihogo yangu yote? Ningehama, nani angekuja kuniuliza?

Sasa anarudi Kasulu kwa dada yake. Mvua zimeanza, na hodi nimeisubiri, haikuja. Yuko anafunga mizigo. Juzi nikafunga kitanda changu, nikahama. Yeye hajajua bado, atajulia hapa, haya yakisomwa.

Mwalimu, ahsante. Kakae salama huko milimani, mvua ikinyesha ulale. Siku ukija, usinitafute chini. Panda juu, ubishe hodi. Chai ipo.