Mashine ya Saba Iliponyamaza

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenikabidhi kazi ya kuandika karatasi hii, nami nitaisoma kama ilivyo, hata pale itakapouma.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Zima-Zima, alizaliwa tarehe 3 Machi 1966 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya mtaa huohuo, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1987.

Tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa katika chumba cha kompyuta cha kiwanda cha nguo, na tarehe 18 Desemba 1993 akamwoa shemeji yangu huyu, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hawakuwahi kumaliza kuoga kabla baba yao hajazima taa.

Mwaka 2018 uongozi uliamua kazi za mashine kumi na tisa za chumba hicho cha kompyuta zihamishiwe kwenye kompyuta kuu mbili, yeye akakabidhiwa shughuli hiyo, akaweka utaratibu wake mwenyewe, kwamba mashine itakayokaa siku tisini bila kazi ihesabiwe imekufa. Ya saba ilinyamaza siku zote hizo, akaizima kwa mkono wake tarehe 14 Juni, akapongezwa. Kumbe ilikuwa na kazi moja tu, kila Januari, kutoa barua za kuwaita wafanyakazi waliotimiza miaka hamsini wakapimwe afya. Januari tatu zikapita bila barua, hakuna aliyeuliza, na yeye mwenyewe, aliyeogopa sindano kama mtoto, alifurahi kusahauliwa.

Novemba 2021 alilazwa, ikaonekana ni saratani ya utumbo, imeshasambaa, na daktari akasema kipimo cha kila mwaka kingeiwahi. Ndipo alipoagiza daftari la zamani la chumba cha kompyuta, akasoma humo kazi ya mashine ya saba, akageukia ukutani, akalia kwa ajili ya wenzake. Aliuandikia uongozi, akajibiwa kwamba suala linashughulikiwa, na hadi leo barua hazijatoka. Nina hasira nao, na Mungu anisamehe, nina hasira naye pia. Alifariki tarehe 9 Agosti 2022, saa nne asubuhi, akiwa amenisihi nisimfichie kosa lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi namba tano, majirani mliopokezana kumlinda mgonjwa, na ninyi wenzake wa kiwandani. Mliotimiza hamsini, naona mko wengi, msingoje kuitwa, kesho nendeni mkapimwe.

Kaka, nimewaambia. Pumzika kwa amani.