Ukuta wa Mama Vikopo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama mko jikoni, msiache kazi zenu. Leo tunakwenda jikoni pia.

Tunamkumbuka mkunga mmoja. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Vikopo. Alifanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja, na alifariki mwezi uliopita akiwa na miaka hamsini na minane. Huenda wewe unayetusikiliza ulipokelewa na mikono yake, ukampigia kelele, naye akacheka.

Habari zake tumepewa na kaka yake, fundi rangi. Mafundi wenzake wanamwita Msasa, kwa sababu hapaki ukuta wowote kabla ya kuusugua kwa msasa mpaka ulainike. Tulimuuliza tuanzie wapi. Akasema, "Anzieni kwenye kosa langu. Mengine yatajileta yenyewe."

Lakini ili kosa lieleweke, turudi nyuma, miaka kumi na mmoja kabla yake.

Fundi Msasa akimaliza nyumba ya mtu, alibakiwa na rangi kidogo kwenye makopo. Robo kopo hapa, vidole viwili pale. Mdogo wake, ndiye Mama Vikopo, alikuwa akizipitia.

"Usitupe hiyo, kaka. Nipe mimi."

"Unafungua duka?"

"Nipe bwana, mchoyo wee!"

Akampa. Mwezi uliofuata akampa tena. Majirani wakamwona kila mara anarudi na vikopo mkononi, ndipo jina lilipozaliwa. Fundi alidhani mdogo wake anapaka vigoda. Hakuuliza. Akimtembelea alikaa sebuleni, chai ikaletwa, wakataniana, akaaga. Jikoni hakuwahi kuingia.

Wasikilizaji wapendwa, rangi ile ilikuwa inaishia ukutani. Ukutani jikoni.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, anakumbuka siku ya kwanza. Mama alirudi asubuhi kutoka zamu. Wodini walikuwa wamempoteza mzazi, na mtoto pia. Mama aliketi mbele ya chai mpaka ikapoa. Hakulia. Chini ya kitanda cha yule mwanamke zilikuwa zimebaki ndala zake, jozi moja ya bluu, na hakuna aliyejua azipeleke wapi. Mama akainuka. Akachukua kikopo cha bluu, akachovya kijiti, akachora ndala zile ukutani, karibu na mlango.

"Alipomaliza akaniambia, 'Haya, pasha chai moto,'" anasimulia binti. "Akanywa vikombe viwili."

Tangu siku hiyo akawa anachora. Si kila siku. Ni siku zile ambazo wodi ilimfuata mpaka nyumbani. Alichora beseni, chupa ya chai, kitenge kilichosahauliwa kwenye kamba. Hakuwa mchoraji hodari. Binti yake anasema ng'ombe wake alifanana na meza yenye mkia. "Lakini akiweka brashi chini, uso wake ulikuwa unafunguka. Unamwona anarudi."

Kisha wakaanza kuja wanawake wengine. Muuguzi mwenzake mmoja. Jirani aliyekuwa akimuuguza mume. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndoa yake ilikuwa imemwendea kombo. Mama Vikopo hakuwahoji. Alifungua mlango wa jikoni na kusema, "Ingia ushushe mzigo." Akawapa brashi, yeye akaendelea kuchambua mchele. Mwalimu alichora malango. Kila akija, lango. Mengine yamefungwa, mengine wazi, moja halina hata ukuta wa kulishikilia.

"Nilimwambia sijui kuchora," anasema mwalimu. "Akanijibu, 'Kwani nani kakuita kwenye mtihani?'"

Miaka kumi na mmoja. Ukuta ukajaa, picha zikapandiana.

Sasa tunafika kwenye kosa.

Mama Vikopo alilazwa hospitali siku kumi na saba, kwa upasuaji wa mawe kwenye nyongo. Binti yake alikuwa naye, akilala kwa rafiki aliyeishi karibu na hospitali. Ufunguo wa nyumba ukaachwa kwa mjomba wake, yule fundi. Fundi akafikiri: mdogo wangu atarudi mnyonge. Nimpe zawadi. Na zawadi ya fundi rangi ni nini, kama si rangi?

Akapaka sebule. Akapaka chumba. Akafungua mlango wa jikoni, akasimama.

"Nikaona michoro tu," anasema. "Nikajua ni watoto wa jirani. Nikasema moyoni, maskini mdogo wangu, kazi imemchosha hata haoni watoto wanavyomharibia ukuta."

Fundi mwingine angepaka nyeupe juu yake, akaenda zake. Huyu ni Msasa. Alisugua ukuta ule siku mbili nzima. Alianza na zile ndala za bluu karibu na mlango, na anasema zilimsumbua, kwa sababu rangi ya mafuta ikikaa miaka inashika kama jiwe. Hakukata tamaa. Alisugua mpaka akafika kwenye lipu, saruji yenyewe ya ukuta. Akafagia vumbi la kila rangi, likajaa ndoo. Akaziba matundu. Akapaka rangi ya kwanza ya kushikia, akangoja ikauke, akapaka nyeupe mara mbili.

"Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile," anasema fundi. "Hata kwa tajiri."

Mama Vikopo aliletwa nyumbani mchana. Kaka yake alimshika mkono, akamtembeza chumba kwa chumba, akabakiza jikoni kuwa ya mwisho. Akafungua mlango kwa madaha.

Mdogo wake alisimama. Alitazama ukuta. Kisha akamtazama kaka yake, aliyekuwa anatabasamu kama mtoto aliyevaa viatu vipya.

"Kazi safi, kaka yangu," akasema. "Hujalipua, hukuharakisha popote."

Akaomba kiti. Akaomba maji.

Fundi aliondoka pale akielea kwa furaha. Aliwasimulia wenzake kazini kwamba dada mtu kafurahi mpaka miguu imemwisha nguvu. Mama Vikopo naye akawaambia binti yake na wanawake wote wa jikoni neno moja: fundi asijue.

Na kweli, hakujua. Kwa miezi minane hakujua.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amehamishiwa shule ya mbali kabla ya hapo, habari hazikumfikia. Siku moja wakati wa likizo akaja kusalimia, akamkuta fundi sebuleni anakunywa chai. Akapitiliza jikoni kama mwenye nyumba. Mara akatoka, mikono kichwani.

"Malango yangu yako wapi? Nani kayafuta?"

"Mwalimu, keti kwanza," akasema Mama Vikopo.

"Sikai! Miaka sita nimemwagia moyo wangu pale! Ni mpuuzi gani huyo?"

Fundi akaweka kikombe chini. Akaambiwa yote, siku ileile, mbele ya chai yake. Akamgeukia mdogo wake: "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno, kaka. Ningeanzia wapi?"

Fundi akainuka, akachukua kisu cha kukwangulia kwenye mfuko wake wa kazi, akaingia jikoni, akapiga magoti mbele ya ukuta. Akakwangua nyeupe. Chini yake ilikuwa ile rangi ya kushikia. Akakwangua. Chini yake ikawa lipu tupu, ya kijivu. Akasogea pembeni, akakwangua tena. Lipu.

Mama Vikopo aliegemea mlango. "Laiti ungekuwa fundi mbovu, kaka," akasema. "Mbovu kidogo tu."

Akacheka. Mwalimu akacheka huku analia. Fundi hakucheka.

Aliomba msamaha, na alisamehewa. Hilo anataka mlijue. Lakini kusamehewa hakukumrudishia mdogo wake mahali pa kushushia. Fundi aliziba pale alipokwangua. Akanunua makopo kumi na mawili, mapya, yaliyojaa, akayapanga chini ya ukuta. "Uchafue," akamwambia. "Uchafue wote."

Mama Vikopo alijaribu. Binti yake alimwona amesimama na brashi iliyochovywa, rangi inadondoka sakafuni.

"Nikiangalia kaka alivyousawazisha," alisema, "mkono unagoma. Naona magoti yake."

Fundi akaleta mbao. Mdogo wake alichora nusu sufuria kwenye ubao mmoja, akaacha. Wanawake wakaja, wakaketi sebuleni, wakaongea mambo ya bei na mvua. Wakapungua. Na wodi haikupunguza kazi kwa sababu ukuta umefutwa. Zamu ziliendelea. Vifo vya wodini viliendelea kumfuata nyumbani, ila sasa viliingia naye mpaka kitandani.

"Mama alianza kulala na viatu," anasema binti yake. "Namvua, naye ameshalala. Namuuliza kesho yake, mama kulikoni? Ananijibu, hakuna kitu."

Alianguka asubuhi moja akijiandaa kwenda zamu. Presha. Daktari alikuwa amemwonya kwa miaka mingi. Wasikilizaji wapendwa, hatusemi kwamba ukuta ndio uliomuua. Daktari hakusema hivyo, nasi hatuna elimu hiyo. Tulimuuliza kaka yake anaonaje.

"Sijui," akasema. "Ndicho kinachoniuma. Sitajua."

Siku ya mazishi wanawake walipika jikoni mle. Fundi alikuwa nje na wanaume, akasikia sauti. Muuguzi anasema, hapa palikuwa na beseni langu. Jirani anasema, hapana, beseni lilikuwa juu zaidi, hapa ni kitenge. Mwalimu anasema, lango lenye kufuli lilikuwa hapa, naapa.

Fundi akaingia. Wanawake wakampisha. Akatoa penseli ile bapa ya ufundi mfukoni.

"Wapi hasa?" akauliza. "Nionyesheni. Juu au chini?"

Wakamwonyesha. Yeye hajui kuchora, kwa hiyo alipiga mistari tu, vijisanduku, na ndani ya kila kimoja akaandika: beseni. Kitenge. Lango. Lango. Karibu na mlango hakuhitaji kuonyeshwa. Aliandika mwenyewe: ndala. Walikwenda hivyo kutoka pembe mpaka pembe, sufuria zikitokota nyuma yao, mpaka wakafika katikati ya ukuta.

Pale katikati alikuwa akichora Mama Vikopo peke yake, siku ambazo hakuna mgeni. Binti yake alikumbuka yule ng'ombe. Akakumbuka chupa ya chai. Zaidi ya hapo hakukumbuka. Mwalimu hakujua. Muuguzi hakujua.

"Fikirini," fundi aliwaambia. "Tafadhali. Fikirini."

Walifikiri. Wali ukaungua.

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti wa marehemu, kwa fundi, kwa wakunga wenzake wanaoingia zamu leo bila yeye, tunasema poleni sana. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe mama yetu mahali pema.

Nawe unayetusikiliza, jikague. Nyumbani kwako kuna mtu anayeshona asichouza, anayeandika asichokusomea, anayeimba akidhani umetoka. Usimtungie maana. Fundi anasema alimpa mdogo wake rangi miaka kumi na mmoja, mwezi kwa mwezi, na siku moja tu ingetosha. Angeshusha kikombe chake, angesema, "Hebu nionyeshe unaipaka wapi." Mdogo wake angemshika mkono, akampeleka jikoni, akamwambia hii ni nini na hii ni ya nani.

Fundi alipotupeleka jikoni mle juzi, mistari ya penseli ilikuwa bado ipo. Alituonyesha kila kijisanduku na kutusomea. Alipofika katikati, palipo peupe, alipitisha kiganja taratibu, akasema, "Hapa sijui," akaendelea na kinachofuata.