Majina Yasikike: Maisha ya Débora Giramia

Wapendwa baba na mama, watumishi wa Mungu, jamaa imenituma mimi Willy, mudogo wa marehemu, niwaelezee njia ambayo dada yetu Débora Giramia alipitia hapa duniani.

Alizaliwa Mahagi-Port tarehe 14 mwezi wa tatu 1979, binti wa baba Alphonse, muvuvi, na mama Adèle, muuza samaki, akasoma shule ya primaire kulekule na ya secondaire hapa Bunia, akamaliza na kupata diplôme d'État mwaka 1998, na tangu utoto alikuwa mutu wa kuuliza, hata kanisani alihamahama benchi akitaka kujua kwa nini ukikaa nyuma ngoma inameza maneno.

Mwaka 2005, vita ya makabila ikiwa imepoa lakini watu wangali wanaogopana, aliingia kazi mu studio ya radio moja ya hapa mjini, akawa fundi wa kuchanganya sauti, yaani yeye ndiye aliamua waimbaji wapande wapi na vyombo vishuke wapi.

Mwezi wa nane 2008, korali moja ya mutaa wa Mudzipela ilirekodi wimbo wa kukumbuka wafu wa vita, wa pande zote mbili, kila mama akiimba jina la mutu wake, na wakubwa wa studio wakasema uko tayari, lakini Débora hakutosheka, akabeba radio-kaseti ndogo mpaka sokoni, akawapigia wauzaji ule wimbo, na mama Véronique, mumoja wa waimbaji, akasikiliza, uso ukabadilika, akasema, «Majina ya wale wa upande ule inasikika, ya kwetu mumeizamisha chini ya gitaa.»

Watu walianza kunung'unika, Débora akarudi studio na hofu, akagundua kwamba akina mama wa upande wa Véronique waliimba sauti ya chini, palepale gitaa inapopita, akapandisha sauti zao, zikawa kama za wagomvi, ndipo akashusha gitaa kila jina linapotajwa, na mupiga gitaa, Fulgence, akakasirika, «Weye unaua gitaa yangu!», naye akamujibu, «Siiui, iko inangojea kidogo, mama amalize kutaja mutoto wake.»

Fulgence alisikiliza tena, akaomba kupiga upya, na siku wimbo ulipopita kwenye radio, soko la Mudzipela lilisimama, watu wa pande zote mbili, mpaka jina la mwisho.

Débora na huyohuyo Fulgence walifunga ndoa tarehe 17 mwezi wa saba 2010, wakakaa mutaa wa Shari, Mungu akawapa Orly na Chance.

Mwaka 2014 sikio lake la kushoto lilifungika, waganga wa hospitali wakaona uvimbe ndani ya kichwa, naye akaendelea na kazi, akisema anataka kujua wimbo uko namna gani kwa mutu wa sikio moja, hadi tarehe 9 mwezi wa pili 2016 alipotuacha hospitalini, mukono wake ndani ya mukono wa Fulgence.

Tunashukuru waganga na wauguzi, majirani wa Shari, wenzake wa radio, na akina mama wa ile korali, ambao wamelala na siye hapa uwanjani tangu juzi bila kuulizana kabila.

Dada Débora, Mungu akupatie kimya kizuri.