Bi Nasma na Stendi Namba Nne

Leo Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, Bi Nasma Seifu Mwinyikondo anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Ndege ya Mbayuwayu kwa miaka thelathini na moja kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1994, na hesabu haipungui hata siku moja. Sherehe yetu imeangukia siku za vunja jungu, Mwezi Mtukufu ukiwa unabisha hodi, kwa hiyo biriani itakuwepo ya kutosha na hakuna atakayeruhusiwa kusingizia kwamba ameacha wali.

Niliyepewa heshima ya kuandika wasifu huu ni mimi, Eliakimu Mmari, mkuu wa kitengo cha nafasi na mizigo, niliyekaa meza moja na Bi Nasma kwa miaka kumi na mitano na ushei. Nilikabidhiwa jalada lake ili nipate tarehe na vyeo. Ndani nilikuta barua za pongezi kumi na tisa na barua moja ya onyo, ya tarehe 17 Agosti 2009. Wenzangu mnazijua kanuni zetu: Ngao ya Utumishi Safi hupewa mfanyakazi aliyetimiza miaka ishirini na mitano bila barua ya onyo, na barua moja tu inatosha kumkosesha. Ratiba iliyochapwa wiki iliyopita ilimwandikia Bi Nasma cheti na jokofu. Ngao haikuwamo. Nimekuja kumshukuru mama huyu, lakini barua hiyo nayo nina neno nayo, na naomba mnivumilie hadi nifike.

Bi Nasma ni mtu wa Kigamboni, mtoto wa Mzee Seifu aliyekuwa fundi cherehani. Kwa miaka yote hii amevuka Magogoni kila asubuhi na kupanda hadi Kariakoo, na hajawahi kuchelewa zaidi ya mara mbili. Mara zote mbili pantoni ndiyo iliyokuwa na lake. Alipoanza kazi, kampuni ilikuwa na ndege moja ya viti vitano na chumba kimoja Mtaa wa Narung'ombe, juu ya duka la mabeseni. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Baada ya miezi sita ikaonekana kwamba abiria wakipiga simu wanamwomba yeye, hata meneja akiwa amekaa pale pale. Akahamishiwa kwenye nafasi za safari, na hapo ndipo alipobaki.

Kazi ya nafasi katika ndege ndogo si kuuza tiketi tu. Lazima ujue uzito wa kila abiria, na Kariakoo hakuna siri kubwa kuliko hiyo. Wateja wetu wafanyabiashara walikuwa wakitaja kilo walizokuwa nazo siku ya harusi. Bi Nasma alinunua mizani, akaifunika kitambaa cha maua, akaiweka karibu na mlango. Akiingia mama mwenye afya yake, alimpokea kwa bashasha, akamwambia, "Panda hapa mpenzi, tunapima viatu tu." Sijapata kumwona aliyekataa. Rubani wetu mkongwe, Kapteni Godbless, husema kwamba ameruka miaka ishirini na mbili bila wasiwasi kwa sababu ya kitambaa kile.

Jambo la pili lililompa sifa ni kauntabuku lake la maneno. Bi Nasma alisoma hadi kidato cha nne na hakuwahi kuona haya kuuliza. Marubani walipoleta neno la Kiingereza ofisini, aliliandika, akauliza maana yake, kisha akauliza lina maana gani nyingine. Hilo swali la pili ndilo lililowachosha. Siku ya kwanza aliposikia kwamba ndege "inateksi" kuelekea njia ya kurukia, alitaka kujua nauli analipa nani.

Lakini neno lililojaza kurasa nyingi kuliko yote katika kauntabuku hilo ni stendi. Mtu wa Kariakoo ukimtajia stendi, anaona mabasi. Ukiongeza neno, anaona bodaboda zilizopangwa kona ya Mchikichi. Fundi baiskeli anaona chuma cha kuisimamishia baiskeli. Muuza nguo anaona chuma cha kutundikia magauni, nesi anaona chuma cha dripu, na jirani yetu wa chini, kabla hajarudi kwenye mabeseni yake, atakuuliza kama unataka stendi ya feni. Kwenye kiwanja cha ndege, stendi ni mahali ndege inapoegeshwa ili watu washuke, na namba yake imepakwa rangi chini. Hayo yote ni neno moja. Mwaka 1999 kampuni ilituma mtu dukani na karatasi iliyoandikwa "stendi mbili", zikaja mbili za kutundikia magauni. Zipo hadi leo, marubani wanatundikia makoti.

Sasa nifike mahali ambapo kila mfanyakazi wa Mbayuwayu anapajua, au anadhani anapajua. Kila anayeajiriwa hapa husimuliwa kisa cha stendi namba nne kabla hata hajaonyeshwa choo. Kwa faida ya wageni wetu, nakirudia.

Jumatano, tarehe 12 Agosti 2009, ndege yetu ilimleta kutoka Mafia mama mjamzito aitwaye Swaumu, akiwa katika hali mbaya. Alikuja peke yake na nesi, kwa kuwa kiti cha ndugu hakikuwepo. Gari la wagonjwa lilikuwa limekodiwa na linasubiri mjini. Mtu wetu wa kiwanjani akapiga simu ofisini kusema ndege imetua, ipo stendi namba nne. Ofisi ikampigia dereva, Bwana Shomari, kumwambia kwamba mgonjwa wa Mafia yupo stendi namba nne, awahi. Na Shomari akawahi kweli. Watu wa Mafia, kama mnavyojua, wengi huvuka kwa boti hadi Nyamisati, kisha hupanda basi hadi Mbagala. Akawasha king'ora, akakata moja kwa moja hadi stendi ya mabasi Mbagala Rangi Tatu, akahesabu mabasi hadi la nne, akaingia ndani na machela. Wapiga debe wakamwambia machela itabidi ailipie kama mzigo.

Hapo huwa tunacheka, na Bi Nasma hucheka nasi. Kisa kama kinavyosimuliwa ni kwamba yeye ndiye aliyepiga simu ile, yeye mwenye kauntabuku, mwalimu wa maneno. Na ndiyo maana, husema wasimuliaji, tangu siku ile aliweka sheria kwamba neno stendi lisitamkwe ofisini bila kutajiwa baba yake: stendi ya ndege, stendi ya mabasi, stendi ya nguo. Hata mimi nimekisimulia hivyo, mara nyingi, mbele yake. Naona aibu kuandika sentensi hiyo.

Simu ile niliipiga mimi.

Nilikuwa na wiki ya tatu kazini, katika muda wa majaribio, kijana niliyeteremka kutoka Machame na kufikia kwa mjomba wangu mwenye duka la jumla Mtaa wa Aggrey. Bi Nasma alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Aliniachia simu mbili na onyo moja: neno nisilolielewa nisilipeleke mbele, niulize kwanza. Nami sikuuliza, kwa sababu nilidhani stendi naielewa. Nani asiyeijua stendi?

Aliporudi aliniuliza nimemwambia nini dereva. Nilipomjibu, hakunigombeza. Alishika simu zote mbili kwa pamoja, moja sikio hili na nyingine lile. Kwa moja alimpata mtu wetu kiwanjani, akamwambia asisubiri gari lolote, amlaze mgonjwa kwenye kirikuu, kigari kidogo cha kubebea vipuri, chini watandike godoro la mlinzi. Kwa nyingine aliiambia wodi ya wazazi ijiandae. Kisha akachukua kanga yake ya akiba kutoka mtoto wa meza, akaparamia bodaboda, yeye ambaye hadi siku hiyo alikuwa akiapa kwamba bodaboda ni usafiri wa wasio na wazazi. Alimkuta Swaumu mlangoni mwa hospitali, akamshika mkono, akaandikishwa kama ndugu yake. Dakika hamsini zilikuwa zimepotea. Mtoto alizaliwa saa nane na dakika arobaini mchana, wa kike, na daktari alisema wasingeweza kusubiri nusu saa nyingine. Mimi nilibaki mezani nikitazama namba nne niliyoiandika kwa mkono wangu, nikaizungushia duara mpaka karatasi ikatoboka.

Siku ya pili mkurugenzi wa wakati ule, ambaye ameshatangulia mbele ya haki, alitaka kujua nani aliyepiga simu. Mtu wa majaribio akifanya kosa la namna ile hakuwa na la kujitetea. Ningefukuzwa siku hiyo hiyo, nami ningerudi Machame kumpelekea mama yangu habari hiyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Bi Nasma akatangulia, akasema maneno matano tu: "Simu ilitoka mezani kwangu, mkurugenzi." Hakusema uongo. Simu ilitoka mezani kwake. Swali la pili, lile ambalo yeye huuliza daima, siku hiyo hakuna aliyemuuliza.

Mwezi ule ule alikuwa afanywe mkuu wa kitengo. Barua ya onyo ilipokuja, cheo kilikwenda kwa mtu kutoka nje, kwa kuwa kanuni hairuhusu mwenye onyo kuwa mkuu, na mtu huyo alipoondoka baada ya miaka minane, kanuni ile ile ilimruka tena Bi Nasma ikanifikia mimi. Yaani kwa miaka minane hii iliyopita nimekuwa bosi wa mtu kwa kosa langu mwenyewe. Amenisalimia kila asubuhi kwa jina la "baba Eliakimu" na hajanikumbusha hata kwa kukohoa. Mwaka 2012 nilimwambia nataka kwenda kusema. Aliniambia yaliyopita si ndwele, ndege ile ilishatua, niiache stendi ilipo. Nikaona nafuu, nikaiacha. Ilikuwa nafuu yangu, na gharama ilikuwa yake.

Kwa hiyo nilipofungua jalada wiki iliyopita nikaona ile barua ikiwa juu ya pongezi kumi na tisa, sikuweza kuandika wasifu mwingine. Jumatatu nilikwenda kwa Mkurugenzi wetu wa sasa, Bi Matilda, na jalada kwapani, nikamweleza yote. Alilifungua jalada, akaisoma barua ile. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Eliakimu, miaka yote hii tumemcheka mtu asiyehusika, na wewe ulikuwa unacheka nasi?" Nikamjibu kwamba ndiyo, nilikuwa nacheka.

Shomari, ambaye siku hizi ana gari lake la kukodisha, alipigiwa simu. Akakumbuka kwamba sauti iliyompeleka Mbagala ilikuwa ya mwanamume, tena Mchaga. Amesema angesema zamani kama kuna mtu angemuuliza.

Jumatano barua ya tarehe 17 Agosti 2009 ilitolewa katika jalada la Bi Nasma. Nyingine imeandikwa kwa jina langu na ipo katika jalada langu, nimeisaini kwa mkono ule ule ulioandika namba nne. Ngao yangu ya mwaka 2034 imekwenda na maji, na ukuu wa kitengo utajadiliwa na bodi mwezi ujao. Nitapokea kitakachoamuliwa. Ratiba mliyoishika mikononi imechapwa upya. Ukurasa wa tatu mtaona Ngao ya Utumishi Safi, mpokeaji Bi Nasma Seifu Mwinyikondo. Atakayemkabidhi ni Swaumu, aliyefika jana kutoka Mafia pamoja na binti yake Badria, yule aliyezaliwa siku ile, ambaye sasa yupo kidato cha nne. Ni Swaumu huyo huyo ambaye kila Idi humtuma rubani wetu na kifurushi cha pweza mkavu kwa Bi Nasma, na ofisi nzima hunuka hadi Jumatatu.

Bi Nasma mwenyewe anayasoma haya leo kwa mara ya kwanza, na najua atanuna. Anune tu. Nimeyasema bila rukhsa yake, lakini ni afadhali aninunie akiwa na ngao yake kuliko aniage kwa tabasamu bila hiyo.

Bi Nasma, umetufundisha kuuliza, umetupima bila kutuaibisha, umezilea ndege zetu na watu wetu. Ahsante kwa wateja ambao hawakujua kamwe kwamba walikuwa wanachelewa, kwa sababu ulikuwa umeshapiga simu. Ahsante kwa mama yangu Machame, ambaye habari ile haikumfikia. Kapteni Godbless ananiambia kwamba neno lile la Kiingereza, kabla ya mabasi na ndege na magauni, maana yake kongwe kabisa ni kusimama tu. Siku ile ulisimama mahali pangu. Maana hiyo haimo katika kauntabuku lako, kwa hiyo nimeiandika mwenyewe ukurasa wa mwisho, na utaikuta.

Mungu akujaalie Ramadhani njema ukiwa nyumbani, afya, usingizi wa asubuhi usioujua tangu mwaka 1994, na maisha mema yenye baraka wewe na wote wako. Msafara wa kukusindikiza Kigamboni utaanzia Magogoni upande wa Posta saa kumi na nusu jioni, stendi ya bajaji, mkono wa kushoto ukitokea Feri. Narudia: stendi ya bajaji, si ya mabasi. Nitakuwa nimetangulia kufika, nimesimama.